Nani Ameiwasha Taa Hii? Utangulizi wa Usomaji wa Taa za Makasha ya Diski

Mtu anapopeleka diski yake ya nje kwa fundi, mara nyingi maneno yake ya kwanza ni haya: "Taa inawaka, lakini haisomi." Katika sentensi hiyo fupi mna elimu nzima. Mwenye diski ameona mambo mawili yanayopingana: taa inayomwambia kila kitu ni shwari, na kompyuta inayomwambia hakuna kilichochomekwa. Taaluma ninayokukaribisha humu inautatua mgongano huo bila kubahatisha, kwa kuuliza swali moja kila mara: taa hii imewashwa na nani, na huyo aliyeiwasha anajua nini?

Taa haijiwashi. Nyuma ya kila taa kuna kifaa kinachoipa umeme au kuiamuru, na kifaa hicho kinajua mambo ya sehemu yake tu. Kwa hiyo itazame kila taa kama shahidi mahakamani. Shahidi anaweza kuwa mkweli kabisa na bado asijue habari unayoitafuta, kwa sababu alikuwa amesimama mlangoni wakati tukio lilipotokea chumbani. Taa iliyofungwa kwenye njia ya umeme wa adapta itakuambia kwamba umeme umeingia, basi. Haijui kama diski inazunguka, haijui kama kebo ya USB ni nzima, wala haijui kama mafaili yako yapo. Wanaoanza kujifunza huharakia kukariri maana za rangi. Mimi ningependa uanze na kujua shahidi amesimama wapi.

Zamani umbali kati ya shahidi na tukio ulikuwa mfupi. Diski ngumu ya kwanza kuuzwa, ile ya IBM ya mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50 zenye kipenyo cha inchi 24, na uwezo wake wote ulikuwa herufi milioni 5. Taa za LED hazikuwapo bado kwa matumizi ya namna hii. LED nyekundu ya kutumika ilionyeshwa na Nick Holonyak mwaka 1962. Seagate walipotoa diski yao ya ST-506 mwaka 1980, yenye uwezo wa megabaiti 5, diski nyingi za kizazi kile zilikuwa na taa nyekundu usoni mwake. Diski ilikaa mbele ya kompyuta, uso wake ukionekana, na ilipofanya kazi yenyewe iliwasha taa yake. Shahidi na tukio walikuwa chumba kimoja.

Kisha diski ikafichwa. Iliingia ndani ya boksi la kompyuta, halafu ndani ya kasha la nje, halafu ndani ya makabati ya seva yenye nafasi 12, 24 au zaidi. Kila ilipofichwa zaidi, taa ilikabidhiwa kifaa kingine: chipu ya kasha, kidhibiti cha safu ya diski, yaani kinachoendesha diski kadhaa kama moja, mwishowe programu. Ugumu wote wa taaluma hii umetokana na kuhama huko.

Tuanze na kasha dogo, lile ambalo wengi hapa kwetu wanaliita eksteno. Ndani yake mna vitu vitatu: mlango wa umeme, chipu ya daraja inayotafsiri lugha ya USB kwenda lugha ya SATA, na diski yenyewe. Katika makasha mengi taa moja inasimamiwa na chipu ya daraja. Ikitulia, chipu imepata umeme na mara nyingi imetambuana na kompyuta. Ikipepesa haraka, kuna data inayopita. Ikififia na kung'aa taratibu, mara nyingi kasha limelala. Hali hii ya mwisho huwatisha watu bure: kompyuta imezimwa au imesinzia, nalo kasha linafuata. Ichomoe diski kwa utaratibu, ichomeke tena, itaamka.

Penye mambo mengi zaidi ni kwenye umeme, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu makosa mengi yanayoitwa "diski imekufa" yanaanzia hapa. Taa ndogo ya LED inatosheka na miliamperi 20 au chini yake. Diski ya inchi 3.5, ile kubwa ya mezani, inapoanza kuzungusha sahani zake inaweza kuomba karibu amperi 2 kwenye volti 12, yaani wati 24, mara mia ya mkondo unaoiridhisha taa. Basi fikiri adapta iliyochoka, kapasita zake zimedhoofika kwa joto na miaka. Itawasha taa bila shida yoyote. Itakaposhindwa ni pale mota inapodai haki yake: sahani zinaanza kuzunguka, volti inaporomoka, diski inajizima, volti inarudi, mota inajaribu tena. Ukiweka sikio utasikia mvumo unaopanda na kukatika, unapanda na kukatika. Ukiitazama taa wakati huo utaona inafifia kila mota inapojaribu. Kufifia huko ndiko ushahidi, kuwaka kwake hakukuambii kitu.

Diski ndogo ya inchi 2.5 haina adapta. Inategemea mlango wa USB. USB 2.0 inaahidi miliamperi 500 kwenye volti 5, yaani wati 2.5. USB 3.0 inaahidi miliamperi 900, wati 4.5. Diski ya namna hiyo inaweza kuhitaji karibu amperi 1 kwa sekunde chache za kuanza. Ndiyo maana diski inayofanya kazi vizuri kwenye laptopu moja inawasha taa tu kwenye nyingine, au inakataa ikichomekwa kwa kebo ndefu nyembamba, au kwenye kigawanyio cha USB kisicho na umeme wake. Kabla ya kuihukumu diski, badilisha kebo, chomeka moja kwa moja kwenye mlango wa kompyuta, na ikiwezekana jaribu kompyuta nyingine. Ni hatua ndogo zisizo na gharama, na zimeokoa tasnifu na video za harusi nyingi.

Lipo tukio jingine la umeme ambalo ningependa kila anayeanza alijue, maana linatokea sana mahali ambapo adapta za vifaa mbalimbali hulala pamoja kwenye droo moja. Mtu anachomeka adapta ya laptopu, volti 19, kwenye kasha la volti 12, kwa kuwa tundu limekubali. Diski nyingi zina diodi za kinga kwenye bodi yake. Volti ikizidi, diodi hujitoa mhanga kwa kupiga shoti ili vilivyo nyuma yake visiungue. Baadaye mwenye diski anatafuta adapta sahihi, anachomeka, na taa haiwaki kabisa. Anasema kasha limekufa. Lakini ukiitoa diski na kuliacha kasha tupu, mara nyingi taa inawaka vizuri! Ukiirudisha diski, taa inazimika. Sababu ni kwamba shoti iliyo kwenye bodi ya diski inaifanya adapta ijizime kwa kujilinda. Taa iliyozimika hapa imetuonyesha ugonjwa uliko, na imetupa matumaini pia: sahani na data huenda hazijaguswa. Fundi wa kuokoa data anayeijua bodi hiyo anaweza kuishughulikia diodi. Asikudanganye mtu kwamba unaweza kununua tu bodi ya diski inayofanana na kuibandika. Diski za kisasa zina vipimo vyake vya pekee vilivyohifadhiwa kwenye bodi, na bodi ngeni bila vipimo hivyo haitaisoma.

Jambo la kawaida linalofuata ni kuitoa diski kwenye kasha lake na kuichomeka kwingine ili kujua nani mgonjwa, kasha au diski. Ni jaribio zuri, ila lina mitego, na kuna mmoja unaoonyesha jinsi taa inavyoweza kukaa kimya bila kosa la yeyote. Plagi ya umeme ya SATA ina pini 15. Pini ya tatu zamani ilikuwa ya volti 3.3, na diski nyingi hazikuijali. Mwaka 2016 kiwango cha SATA 3.3 kikaigeuza kazi: pini hiyo ikiwa na umeme, diski inaamriwa isiwake, ili wenye seva waweze kuizima na kuiwasha diski kutoka mbali. Diski zenye uwezo huo zikaanza kuonekana ndani ya makasha ya kawaida ya USB. Watu wakazitoa, wakazichomeka kwenye kompyuta zenye pawa saplai za zamani zinazotoa volti 3.3 kwenye pini ile, na diski zikabaki kimya, hazizunguki, hazionekani. Wengi waliamini wameziua. Diski zilikuwa zinatii amri. Dawa ni kufunika pini hiyo kwa mkanda wa Kapton, au kutumia kiunganishi cha Molex kisichopitisha volti 3.3.

Kwenye plagi hiyohiyo, pini ya 11 ina kazi mbili. Wakati wa kuwaka, inaweza kutumika kuiambia diski ianze kuzunguka mara moja badala ya kungoja zamu. Baada ya hapo diski yenyewe inaitumia pini hiyo kutoa ishara ya kazi, ile inayoweza kupepesa taa. Hapa tumepata tena shahidi wa ndani ya chumba. Hapohapo kuna jambo la kuchunga: baadhi ya diski, pini ya 11 ikiachwa wazi, hazianzi kuzunguka hadi kebo ya data iunganishwe na kidhibiti kizungumze nazo. Ukiijaribu diski ya namna hiyo kwa kuipa umeme peke yake juu ya meza, itanyamaza, nawe usiizike.

Mtego mwingine ni wa data. Baadhi ya makasha, yakiwemo matoleo kadhaa ya My Book na My Passport ya Western Digital, yanasimba data ndani ya chipu ya daraja hata kama hukuweka nywila. Ukiitoa diski na kuichomeka penginepo, taa itapepesa, diski itasomeka, na kompyuta itakuambia haina mpangilio wowote, je, uiandae upya? Usikubali. Taa inasema kweli kwamba sekta zinasomwa. Ufunguo wa kuzielewa umebaki kwenye kasha.

Sasa tuingie kwenye makasha makubwa, yale ya ofisi, studio na vyumba vya seva. Hapa kila diski ina trei yake, na kila trei ina taa moja, mbili au tatu. Anayewasha taa hizi kwa kawaida ni kidhibiti. Njia moja ya kidhibiti kuzungumza na taa ni SGPIO, mpango wa nyaya nne ambao kwa kila diski unapeleka biti tatu: kazi, mahali, na hitilafu. Njia nyingine ni SES, lugha ambayo kasha lenyewe linatumia kueleza hali ya feni, joto, umeme na trei zake. Juu ya hizi upo mpango wa kimataifa wa IBPI uliojaribu kuzipa mipepeso maana moja: mpepeso wa mara 4 kwa sekunde ni kuonyesha mahali diski ilipo, mpepeso wa mara 1 kwa sekunde ni kujengwa upya, na mipepeso miwili ya haraka kisha kituo ni onyo kwamba diski inatabiriwa kufa.

Ningependa kukuambia kwamba watengenezaji wote walikubaliana. Hawakukubaliana. Kwenye seva za Dell PowerEdge, trei inayopepesa rangi ya chungwa mara 4 kwa sekunde ina diski iliyokufa, na inayopokezana kijani, chungwa na kuzimika ina diski iliyotabiriwa kufa. Kijani cha mara 2 kwa sekunde ni kutambulisha diski au kuiandaa kutolewa. Kwenye trei za HPE ProLiant za kuanzia kizazi cha nane, buluu ndiyo ya kutambulisha, na ipo taa nyeupe inayokataza: ikiwaka, usiitoe diski hiyo, maana ukiitoa safu itaanguka. Kwenye kasha la bei nafuu la dukani, buluu ni umeme tu. LED za buluu zenye mwanga wa kutosha zilikuja miaka ya 1990, kazi iliyowapa Akasaki, Amano na Nakamura tuzo ya Nobel mwaka 2014, na zilipofika kila kampuni iliipa rangi hiyo ngeni kazi iliyoipenda. Kitabu cha maelekezo cha kifaa chako, kwa hiyo, kina uzito kuliko jedwali lolote la jumla, likiwemo langu.

Lakini hata ukiujua mpepeso, rudi kwenye swali letu. Taa nyekundu ya trei imewashwa na kidhibiti, na kidhibiti kinajua jambo moja: diski hii imeshindwa kunijibu kama nilivyotarajia. Kwa nini imeshindwa ni suala jingine. Diski za kompyuta za kawaida zikikutana na sekta mbovu zinaweza kung'ang'ana nayo kwa zaidi ya dakika nzima. Diski zilizotengenezwa kwa ajili ya safu hukata tamaa ndani ya sekunde 7 hivi na kutoa taarifa, ili data isomwe kutoka diski nyingine. Ukiweka diski ya kawaida kwenye safu, siku moja itang'ang'ana, kidhibiti kitachoka kuisubiri na kuifukuza, taa itakuwa nyekundu, na ukiipima pembeni diski itasomeka toka mwanzo hadi mwisho. Kidhibiti hakikusema uongo. Kilichokiona ni ukimya.

Vilevile kosa linaweza kuwa la kebo. Diski nyingi zina kumbukumbu ya afya yake iitwayo SMART, na namba kadhaa humo zinafaa kuzoewa. Namba 5 huhesabu sekta zilizokwisha kuhamishwa, 197 sekta zinazotiliwa shaka, 198 zile zilizoshindikana kusomwa. Namba 199 huhesabu makosa ya data njiani, kati ya diski na kidhibiti. Ukikuta taa ya hitilafu, na 199 inapanda huku 5 na 197 zimetulia kwenye sifuri, mkono wako uende kwanza kwenye kebo na plagi. Programu ya smartctl inazisoma namba hizi, na kupitia makasha mengi ya USB pia.

Na kijani je? Hapa ndipo ninapokuomba uwe mkali zaidi. Mwaka 2007 watafiti watatu wa Google, Pinheiro, Weber na Barroso, walitoa uchunguzi wa diski zaidi ya laki moja zilizokuwa kazini. Walikuta kwamba zaidi ya asilimia 56 ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja kati ya dalili nne za SMART zilizo na nguvu zaidi. Yaani zaidi ya nusu zilikwenda bila kutoa mojawapo ya dalili hizo. Kama kumbukumbu ya ndani ya diski haikujua, taa ya nje inayotegemea kumbukumbu hiyo ingejuaje? Kijani maana yake ni kwamba hakuna aliyelalamika bado. Hakuna taa inayoweza kuchukua nafasi ya nakala ya pili ya data kwenye kifaa kingine.

Hatari kubwa kuliko zote katika kazi hii inatokea baada ya utambuzi, mkono unapokwenda kuchomoa. Patterson, Gibson na Katz walipoeleza RAID pale Berkeley mwaka 1988, wazo lilikuwa diski nyingi za bei nafuu zikilindana. Katika safu ya aina ya 5, diski moja ikifa nyingine zinabeba mzigo. Ya pili ikiondoka, data imekwenda. Sasa programu inasema diski namba 3 imekufa. Programu nyingi huanza kuhesabu na sifuri. Stika za kwenye trei mara nyingi huanza na moja. Fundi anachomoa trei ya 3, iliyokuwa nzima, na safu iliyokuwa imejeruhiwa inaanguka. Hakuna sababu ya jambo hili kumtokea yeyote aliyefundishwa.

Ufanye hivi. Soma namba ya mfululizo ya diski iliyokufa kwenye programu. Iamuru taa ya mahali ipepese. Kwenye Linux programu ya ledctl inafanya hivyo kwa vidhibiti vingi. Kama kasha halina taa ya mahali, isomeshe safu nzima kwa kunakili faili kubwa: trei zilizo hai zitapepesa, na ile isiyopepesa ndiyo unayoitafuta. Linganisha na stika. Ichomoe kidogo tu, ngoja kama nusu dakika sahani zisimame, ndipo uitoe na kuisoma namba yake kwa macho. Diski mpya ikiingia, taa ya kujengwa upya itapepesa muda mrefu, nawe uwe mvumilivu: terabaiti 12 kwa kasi ya megabaiti 200 kwa sekunde ni karibu saa 17, hata mashine isipofanya kazi nyingine. Muda huo wote safu haina kinga, na umeme ukikatika bila UPS unaweza kujikuta umerudi ulikoanzia.

Masikio na vidole ni wenzi wa macho katika kazi hii. Diski inayogonga tik, tik, tik kwa mpigo ule ule huku taa ikipepesa kawaida ina vichwa vya kusomea vinavyoitafuta njia bila kuipata. Izime. Kila jaribio jipya linaweza kukwaruza sahani, na kilichokwaruzwa hakirudishwi na fundi yeyote.

Diski za SSD na NVMe zimetuondolea mashahidi hao wawili, kwa kuwa hazina kinachozunguka. Sauti hamna, mtetemo hamna, na joto hudanganya. Taa imebaki karibu peke yake, na inahama tena: katika mpango wa NPEM wa PCIe, mfumo endeshi unaweza kuiamuru taa ya nafasi ya diski bila kidhibiti cha safu katikati. Shahidi sasa anaweza kuwa programu, nayo programu ikiganda, taa hubaki katika hali iliyoachwa. Kwa hiyo kasha jipya la namna hii likifika mikononi mwako, kabla hujaweka data yoyote, iwashe taa ya mahali ya kila nafasi moja baada ya nyingine, uandike kwenye karatasi nafasi ipi imeitika kwa jina lipi, pamoja na namba ya mfululizo ya diski iliyomo, na ubandike karatasi hiyo kwenye kasha lenyewe.